Mbwa wa bonde la Kilombero, kutoka dunguni hadi foleni ya chanjo

Nikipita Lipangalala, hapa mjini Ifakara, asubuhi nikiwa na mbwa wangu, wazee huniuliza kama nakwenda kuwinda. Wazazi vijana huniuliza kama amechanjwa. Nimeyasikia maswali hayo mawili tangu nilipohamia hapa, na muda si mrefu nikaona kwamba umri wa mtu ndio unaoamua atauliza lipi. Mzee aliyezaliwa kabla ya Uhuru hana habari na chanjo. Mama mwenye mtoto wa darasa la pili hana habari na mawindo. Bonde hili limebadili fikra zake juu ya mbwa ndani ya maisha ya mtu mmoja, na mabadiliko hayo yameokoa watu. Ndiyo sababu naona yastahili kuandikwa.

Mimi ni mwalimu, na kwetu ni Njombe. Kule tuko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa 7 maji ya kunawa yanachoma vidole. Ifakara haifiki mita 300. Wenyeji wakishavaa majaketi mwezi wa 6 na kusema baridi imeingia, kwangu ndiyo kwanza hewa inavutika. Masika yamekwisha, Lumemo umerudi kwenye kingo zake, mpunga unakatwa, na njia zilizokuwa matope ya magotini zinabeba baiskeli tena. Alfajiri ukungu unatanda juu ya majaruba, na upande wa kaskazini magharibi milima ya Udzungwa inakaa kama ukuta mmoja wa buluu. Msimu huu wa kipupwe, hadi mwishoni mwa mwezi wa 8, ndio wa kutembea. Mvua ikianza, mbwa na mwenyewe wote wanabaki barazani.

Mbwa wangu anaitwa Sheshe, kwa rangi yake. Ni wa kienyeji, mwekundu wa dhahabu, masikio wima, kama sheshe, swala yule anayekaa kwenye nyasi za mafuriko za Kilombero. Nilimpata akiwa mdogo kutoka kwa jirani. Mgeni katika mji mpya huhitaji sababu ya kutoka nje na kuzijua njia, na mbwa ni sababu inayokuamsha kila siku saa kumi na moja na nusu. Yeye ndiye aliyenifikisha vichochoro vya Mbasa, kando ya reli ya TAZARA, na barabara ya Kining'ina inayoelekea vilimani. Yeye pia ndiye aliyenifikisha kwa mzee wa Kindamba ambaye jaruba lake liko pembeni ya njia tunayopita. Mzee huyo ndiye aliyenipa nusu ya kwanza ya historia hii.

Babu huyo anasema mbwa wa utotoni mwake alikuwa na kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa dunguni. Mpunga wa bondeni ulilimwa mbali na makazi, kule mafuriko yalikoacha udongo mzuri, na ukishatoa masuke kila mnyama aliujua. Familia ilihama ikaenda kuishi juu ya dungu, jukwaa la miti lenye paa la nyasi, miezi kadhaa. Mchana kazi ya watoto ilikuwa kuwinga ndege. Usiku kazi ilikuwa ya mbwa, kwa sababu nguruwe pori huja gizani, na binadamu aliyechoka hasikii nyasi zikivunjika. Mbwa alilala chini ya dungu kwenye majivu ya moto. Akibweka, baba alijua upande wa kutupa kijinga. Nguruwe wanaweza kumaliza robo ya jaruba usiku mmoja, kwa hiyo nyumba isiyokuwa na mbwa ilikuwa nyumba ya kuombaomba mchele kabla ya mavuno mengine. Chakula chake kilikuwa ukoko, pumba na vichwa vya samaki.

Kazi ya pili ilikuwa uwindaji. Wandamba ni watu wa maji na pori. Ni wavuvi, wakulima wa mpunga, mafundi wa mitumbwi, na tangu zamani walijulikana kwa kumwinda kiboko na tembo kwa silaha za mkononi. Uwindaji huo ulikuwa na wakuu wake, dawa zake na miiko yake, kiasi kwamba mwaka 1926 Mwingereza A.G.O. Hodgson aliuandikia makala nzima katika jarida la taasisi ya anthropolojia ya Uingereza. Kwa tembo watu walikwenda kama kikosi. Kwa nyama ya kila wiki, babu anasema, walikwenda wanaume watatu au wanne, mikuki, na mbwa. Mbwa walivukishwa mto ndani ya mitumbwi, wamelala sakafuni kimya. Ng'ambo wakaachiwa. Walimsukuma sheshe kutoka kwenye matete hadi mahali pa wazi walikosubiri wenye mikuki. Mbwa hodari alijulikana vijiji vitatu, na mtoto wake aliombwa kabla hajazaliwa.

Niliposikia haya ndipo nilipoelewa swali la wazee. Machoni pao mtu anayeelekea vilimani na mbwa ana shughuli. Kutembea kwa kutembea tu, kuona njia inakwenda wapi, si jambo walilolikuta.

Sisi Wabena nasi tuna sehemu yetu humu bondeni. Katika karne ya 19 baadhi ya watu wetu waliteremka kutoka nyanda za juu wakaja kukaa kwenye mito hii, na mwaka 1935 A.T. na G.M. Culwick walichapisha kitabu kizima juu yao, Ubena of the Rivers, chenye sura iliyoandikwa na mtawala wao mwenyewe, mtema Towegale Kiwanga. Najisikia vizuri kujua kwamba njia ya kushuka huku ilishatengenezwa. Wambunga nao walikuja na vita vya Wangoni, Wapogoro wako upande wa Mahenge. Kila watu walikuja na mbwa wao, na mbwa hawana kabila, kwa hiyo Sheshe ni mchanganyiko wa safari zote hizo.

Lakini kulikuwa na mdudu aliyewapunguza mbwa hao. Bonde la Kilombero lilikuwa na mbung'o wengi, na nagana, ugonjwa unaoletwa na mbung'o, haiui ng'ombe peke yake. Mbwa huugua haraka. Hukonda, homa humpanda na kushuka, kisha macho hufunikwa na ukungu wa bluu, akawa kipofu kabla ya kufa. Babu anaikumbuka hali hiyo ya macho ingawa hakuwa na jina la kitabibu la kuipa. Kwa hiyo mbwa wa uwindaji, aliyeshinda porini kwenye mbung'o, hakuishi sana, na watoto wa mbwa waliovuka mwaka walikuwa wametoka kwa wazazi wagumu. Rudolf Geigy, profesa wa Basel huko Uswisi aliyeanzisha maabara ndogo hapa Ifakara mwaka 1957 kwa ukaribu na mapadre Wakapuchini, alivutwa na viumbe wa namna hiyo: papasi, mbung'o, na magonjwa wanayobeba. Maabara ile ndiyo leo Taasisi ya Afya Ifakara. Nitairudia, kwa sababu bila taasisi hiyo nusu ya pili ya habari yangu isingekuwepo.

Mbwa wa mwindaji alimalizwa na sheria zaidi ya mbung'o. Wajerumani walianza mapema: mwaka 1896 gavana Hermann von Wissmann alitoa amri ya kwanza ya kudhibiti uwindaji, na mtu aliyekuwa akiwinda kwa haki ya kuzaliwa akatakiwa kuwa na leseni. Waingereza waliendelea na sheria yao ya 1921. Mwaka uliofuata pori kubwa la mashariki ya bonde likapewa jina la Frederick Selous, mwindaji wa Kiingereza aliyeuawa vitani Behobeho Januari 1917. Kwangu jambo hilo linaumiza hadi leo. Mgeni aliyeua tembo kwa bunduki alipewa pori liitwe kwa jina lake, na Mndamba aliyewinda kwa mkuki na mbwa akaitwa jangili. Baada ya Uhuru mstari haukubadilika sana. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 1974 ilimweka mbwa katika njia zisizoruhusiwa kuwindia bila kibali. Askari wa wanyamapori akikukuta porini na mbwa na mkuki, hakuhitaji kuona nyama.

Nasema hivyo bila kuupinga uhifadhi. Bonde hili kwa muda mrefu lilikuwa na sheshe wengi kuliko mahali pengine popote Afrika, na wamepungua vibaya. Tangu 2002 eneo la mafuriko la karibu kilomita za mraba 8,000 limo katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu duniani. Wangewindwa kwa mbwa na idadi ya watu ya leo, swala hao wasingebaki. Lakini haki inataka tuseme nani alilipa. Babu anasema baba yake aliwaua mbwa wake wawili yeye mwenyewe, kwa mkuki, baada ya ndugu yake kukamatwa. Hakuongeza neno, na mimi sikumwuliza zaidi.

Mbwa akabaki na kazi ya dungu, kisha mji ukaja. Reli ya TAZARA ilijengwa kati ya 1970 na 1975, ikapita Ifakara, na watu wakajisogeza kwenye stesheni. Kuanzia miaka ya 1980 na kuendelea wafugaji waliingia bondeni, Wasukuma, Wamasai, Wabarbaig, na makundi ya ng'ombe na mbwa wa kuchunga, wengi kwa idadi ambayo wenyeji hawakuwahi kuiona. Baadhi yao waliondolewa katika operesheni ya 2012. Mji ulipokua, mbwa wengi walijikuta hawana kazi wala mwenyewe wa kumtaja. Walikula majalala ya sokoni na kuzaliana nyuma ya mabanda. Hapo ndipo mbwa aliyekuwa mlinzi wa mpunga akawa kitu ambacho mama anamwambia mtoto akimbie akikiona.

Na mama alikuwa na sababu. Kichaa cha mbwa ni ugonjwa usiosamehe. Virusi huingia na mate kwenye jeraha la meno, vikapanda taratibu kwenye mishipa ya fahamu kuelekea ubongo, na safari hiyo huweza kuchukua wiki au miezi. Jeraha limepona, watu wamesahau, mtoto anacheza. Siku akianza kuogopa maji na kupaliwa na mate yake, hakuna daktari wa kumwokoa. Karibu wote wanaofikia hapo hufa. Na katika vifo 100 vya binadamu vinavyotokana na kichaa hiki duniani, 99 chanzo chake ni mbwa. Makadirio ya dunia ni vifo 59,000 kila mwaka. Kwa Tanzania watafiti walikadiria mwaka 2002 kwamba ni karibu 1,500 kwa mwaka, wengi watoto wa vijijini, kwa kuwa mtoto ndiye anayecheza na mbwa na ndiye mfupi, anaumwa usoni na mikononi.

Dawa ya zamani ya mji ilikuwa risasi. Kikisikika kichaa, tangazo lilitolewa, mbwa wazururao wakauawa, na wafungwao wakafichwa uvunguni. Baada ya miezi michache majalala yaleyale yalikuwa na mbwa wapya, kwa sababu chakula kilikuwa bado pale, na mbwa hao wapya hawakuwa na kinga yoyote. Chanjo ilikwishajulikana tangu mtoto Joseph Meister alipochomwa sindano ya Louis Pasteur huko Paris Julai 1885. Jambo lililokuwa halijulikani huku kwetu ni kama mbwa wa vijiji vya Afrika, ambao wengi walidhani hawana mwenyewe, wangeweza kushikwa na kuchanjwa wa kutosha. Hesabu yenyewe ni ya asilimia 70. Ukiwachanja mbwa 7 kati ya kila 10, ugonjwa unakosa mahali pa kurukia na unazimika.

Jibu lilitafutwa humu. Kuanzia 2010 serikali, kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani na fedha za mfuko wa Gates, ilianza kuchanja mbwa katika wilaya 28 za kusini mashariki mwa Tanzania, Kilombero na Ulanga zikiwemo, pamoja na kisiwa cha Pemba. Nchi nyingine mbili zilizojaribu wakati huo zilikuwa Ufilipino na Afrika Kusini. Uchanjaji haukufanywa mara moja ukaachwa. Ulirudiwa, kwa kuwa mbwa wa kijijini anaishi muda mfupi na kila mwaka kuna kizazi ambacho hakijaguswa na sindano.

Sikuwepo bondeni miaka hiyo, lakini wenzangu shuleni wanaikumbuka foleni. Tangazo lilipita kwa spika kwenye gari, na asubuhi uwanja wa shule ukajaa. Waliowaleta mbwa hawakuwa kina baba. Walikuwa watoto. Mbwa walifika wamefungwa kamba ya katani, kipande cha khanga, utepe wa mpira wa baiskeli, wengine wamebebwa begani kama mwanakondoo. Na ilionekana kwamba wale mbwa walioitwa wa mtaani walikuwa na wenyewe, mtoto wa darasa la nne anayewapa ukoko na kuwajua kwa jina. Afisa mifugo alichoma sindano, akaandika kadi, akamfunga mbwa alama shingoni. Mtoto aliondoka na kadi mkononi. Mwalimu mwenzangu anasema alizikuta kadi hizo miaka baadaye zimehifadhiwa ndani ya Biblia na misahafu, pamoja na vyeti vya kuzaliwa.

Taasisi ya Afya Ifakara ilileta kitu cha pili, simu. Mtafiti Zacharia Mtema na wenzake walitengeneza mfumo ambao mhudumu wa zahanati aliyempokea mtu aliyeumwa na mbwa, au afisa mifugo aliyechanja, alituma taarifa kwa simu ya kawaida ya mkononi. Kabla ya hapo taarifa za mbwa zilikaa kwa mifugo na za majeruhi zikakaa kwa afya, na mbwa mmoja mwenye kichaa aliweza kuuma watu vijiji vitatu kabla karatasi za ofisi hizo mbili hazijakutana. Matokeo ya kazi hiyo yalichapishwa 2016. Nawaeleza wanafunzi wangu habari hii kila mwaka, kwa sababu wanadhani sayansi inafanyika mahali pengine na sisi tunapelekewa. Hii ilifanyika hapa, kwa simu za batani, na wahudumu wa zahanati ambako wanafunzi hao wenyewe wametibiwa.

Pemba ilitoa somo kubwa zaidi, zuri na chungu. Kichaa kilitoweka kisiwani mwaka 2014. Mwaka 2016 kikarudi. Ilibidi kuchanja upya kwa nguvu hadi kikazimwa tena mwaka 2018. Ikiwa kisiwa kilichozungukwa na bahari kimerudiwa, Kilombero yenye reli, barabara ya Mikumi, na sasa daraja kubwa la kuvukia kwenda Ulanga, haina ukuta wowote isipokuwa kinga iliyo ndani ya miili ya mbwa wenyewe. Nasema hili kwa mkazo kwa sababu naona uchovu. Miaka bila tukio imewafanya watu waone chanjo ni jambo la wakati ule wa mradi. Wapo wenye mbwa wanne waliozaliwa baada ya kadi ya mwisho kuandikwa.

Sheshe anayo kadi yake, na inapigwa tarehe kila mwaka. Ndiyo inayotupitisha. Mama akiniuliza kama amechanjwa, naitoa mkobani, na mara nyingi anaisoma kweli kabla hajamruhusu mwanawe amshike kichwa. Namfunga kamba tunapopita shule, msikiti na njia za ng'ombe. Jirani zangu Waislamu hawapendi pua yenye maji iguse nguo za swala, na haki yao hiyo ni rahisi kuilinda: mbwa anatembea upande wangu wa kushoto, njia wakipita wao tunasimama. Nao wanatusalimia, mimi na yeye.

Tukifika vilimani juu ya Kining'ina, saa mbili asubuhi, bonde zima linaonekana: majaruba ya njano, moshi wa mabua, mstari wa miti inayofuata mto. Siendi mbali zaidi. Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, iliyotangazwa 1992, hairuhusu mbwa kuvuka lango, na sababu ni nzuri. Magonjwa ya mbwa wetu hayabaki kwetu. Mwaka 1994 ugonjwa mwingine wa mbwa, ule wa distempa, uliua karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti. Mbwa mwitu wa upande wa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, ambao ni wachache duniani, wanaweza kumalizwa na kichaa kilichotoka kwenye jalala la mji. Kwa hiyo nikitaka kuiona Sanje, maporomoko ya mita 170, namwacha Sheshe nyumbani na kupanda basi la Mang'ula peke yangu.

Kwa mwenye mbwa anayesoma hapa, awe Lipangalala, Katindiuka, Lupiro au kwetu Njombe: Septemba 28 ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na ofisi nyingi za mifugo huchanja karibu na tarehe hiyo. Usingoje tangazo, nenda ukaulize. Mpe mtoto kamba, ampeleke mbwa wake, na kadi iwekwe panapowekwa vyeti vya nyumba. Na mtu akiumwa, jeraha lioshwe palepale kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha apelekwe hospitali siku hiyohiyo, na sindano zimalizwe zote.